Kishindo cha Masaba: Jiwe la Mbale na Lugha ya Kulieleza

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi umefanyika mara nyingi katika majarida ya vyama vyetu, na aghalabu umeishia pale pale ulipoanzia. Upande mmoja hudai kwamba lugha haina istilahi. Upande wa pili hujibu kwa kuorodhesha istilahi. Katika makala haya nakusudia kuuacha mtindo huo. Nitachukua tawi moja la fizikia ambalo hata watetezi wa Kiswahili huliogopa, yaani uchunguzi wa yabisi zilizogandamizwa kwa kishindo kwa kutumia miale ya eksirei itokayo katika sinkrotroni, nami nitajaribu kulieleza mbele ya msomaji. Ni maoni yangu kwamba istilahi huzaliwa ndani ya maelezo, na kwamba sisi tunaotoka Kiminini, Kitale na Bungoma tuna sababu ya karibu mno ya kuanza kueleza. Sababu hiyo ilianguka kutoka mbinguni.

Tarehe 14 Agosti 1992, yapata saa tisa na dakika arobaini alasiri, kimondo kiliingia angani juu ya Mbale, upande wa pili wa mlima Masaba ambao ramani huuita Elgon. Kutoka Kiminini hadi Mbale, mtu akipima kwa mstari ulionyooka, hazifiki kilomita mia moja. Watafiti waliofika huko muda mfupi baadaye, ambao ripoti yao ilichapishwa mwaka 1994 ikiongozwa na Peter Jenniskens, walikadiria kwamba jiwe hilo lilikuja kwa kasi ya kilomita 13.5 kwa sekunde, likiwa na uzito wa takriban kilo 1,000, na kwamba lilipasuka kabisa likiwa kilomita 10 hadi 14 juu ya ardhi. Vipande vilitapakaa katika eneo la kilomita 3 kwa 7. Kufikia Oktoba 1993 vipande 863 vilikuwa vimeorodheshwa, kikubwa kati ya vile vya kwanza kupimwa kikiwa na kilo 27.4. Mvulana mmoja aligongwa kichwani na kipande kidogo ambacho, kwa bahati yake, kilikuwa kimepunguzwa kasi na majani ya mgomba.

Imesimuliwa pia kwamba baadhi ya watu walivisaga vipande hivyo na kuula unga wake wakitumaini kuwa ni dawa ya UKIMWI. Wapo wanaolitaja jambo hili kwa kicheko. Mimi silioni la kuchekesha. Mseto wa dawa unaovidhibiti vyema virusi ulianza kutumika duniani mwaka 1996, na ulichelewa sana kutufikia. Mwaka 1992 mtu aliyekuwa akizika ndugu zake mmoja baada ya mwingine aliona jiwe jeusi likishuka kutoka kwa Mungu, na hapakuwa na maandishi katika lugha anayoielewa ya kumwambia jiwe hilo ni nini. Aliyetumaini kupona alisaga. Aliyejua thamani yake katika soko la wakusanyaji aliuza, na hadi leo vipande vya Mbale vinauzwa na kununuliwa ng'ambo.

Basi jiwe hilo ni nini? Wataalamu huliweka katika kundi la vimondo vya mawe vya kawaida. Ndani yake mna madini yanayoitwa olivini, na mna mishipa myembamba ambayo iliwahi kuyeyuka. Mishipa hiyo haikutokana na kuanguka Mbale. Hewa huunguza ngozi ya kimondo tu, na kufikia ardhini vipande vidogo huwa vimeshapoteza karibu kasi yao yote. Mishipa ile ni makovu ya mgongano wa kale, mawe mawili yalipokutana angani kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde, zamani za kale kabla ya kuwepo mtu wa kulisikia wala kulisimulia.

Hapa ndipo neno la kwanza linapotakiwa. Jiwe linapogongwa kwa kasi inayozidi ile ya sauti ndani yake, habari za pigo haziwezi kutangulia na kuiandaa sehemu ya mbele. Hujikusanya na kuwa ukuta mmoja mkali unaosafiri ndani ya jiwe. Mbele ya ukuta huo jiwe limetulia kama lilivyokuwa. Nyuma yake limebanwa, limepashwa moto na limesukumwa. Wengine wameuita ukuta huo wimbi la mshtuko. Sikubaliani nao kikamilifu. Mshtuko katika Kiswahili ni wa moyo au wa umeme. Anayeshtuka ni kiumbe, na jiwe halishtuki. Napendekeza wimbi la kishindo. Kishindo kina uzito, kina ghafla, na hutikisa alichokigonga. Najua pingamizi litakalotolewa, kwamba kishindo ni sauti na wimbi hili huishinda sauti kwa kasi. Hata hivyo, mtu anapoporomokewa na gogo tunasema limeanguka kwa kishindo, na anayesikia huelewa nguvu ya pigo kabla ya kuelewa kelele zake.

Nguvu ya pigo hilo hupimwa kwa shinikizo. Mizani ya kanuni zake iliwekwa katika karne ya 19 na William Rankine na Pierre-Henri Hugoniot: ukijua kasi ya wimbi na kasi ya chembe zilizosukumwa, waweza kukokotoa shinikizo na msongamano. Jambo hilo ni kubwa, lakini lina upungufu. Ni sawa na kuijua idadi ya watu waliojazana ndani ya matatu bila kujua nani ameketi na nani amesimama. Fuwele, ambayo ni yabisi yenye atomi zilizopangika, inaweza kubanwa ikabaki na mpangilio wake, au ikauacha na kushika mwingine, au ikapoteza mpangilio wote. Chuma, kwa mfano, kilidhaniwa tangu mwaka 1956 kuwa hubadilika kinapofikia shinikizo la takriban mara 130,000 la hewa tunayovuta, kwa sababu wimbi lake lilionekana kugawanyika. Mpangilio mpya wenyewe haukuonekana kwa macho ya eksirei wimbi likiwa bado linapita hadi miaka ya 2000.

Namna ya kuuona mpangilio inaweza kuelezwa kwa shamba la mahindi, na sidhani kuna mahali pafaapo zaidi ya Trans Nzoia kwa mfano huu. Mkulima wa Kiminini hupanda kwa mistari, sentimita 75 kati ya mstari na mstari na sentimita 25 kati ya shimo na shimo. Abiria anayesafiri kutoka Kitale kwenda Webuye mwezi wa Mei, mahindi yakiwa yamefika magotini, akitazama nje ataona ajabu moja. Kwa muda shamba ni vurugu ya kijani; ghafla mistari inafunguka na kuonekana hadi mwisho wa shamba, kisha inafungika, kisha inafunguka mingine kwa mshazari. Mimea haikusogea. Kilichobadilika ni pembe ya kutazamia. Katika kila shamba lililopandwa kwa utaratibu kuna pembe maalumu ambazo mistari hujidhihirisha, na pembe hizo hutegemea umbali kati ya mimea. Lau mtu angeweza kulibana shamba zima, pembe hizo zingehama, na yule abiria angeweza kujua limebanwa kiasi gani bila kushuka garini.

Mwanga wa kawaida hauwezi kuzipitia atomi namna hiyo kwa kuwa mawimbi yake ni mapana mno. Eksirei ina mawimbi mafupi yanayokaribiana na umbali wa atomi na atomi. Mwaka 1912 Max von Laue na wenzake walionyesha kwamba fuwele huichepusha eksirei, na mwaka 1913 William Henry Bragg na mwanawe William Lawrence wakaifanya hesabu yake iwe nyepesi: mwale hurudi kwa nguvu pale tu ambapo pembe, urefu wa wimbi na umbali wa tabaka za atomi vinapopatana. Tendo hili naliita mchepuko. Baadhi ya waandishi hulitumia neno mtawanyiko, ambalo nadhani hupoteza kiini chenyewe, kwa kuwa kinachotawanyika huenda popote, ilhali miale hii huchagua njia. Kuhusu mpangilio wa atomi napendekeza kimia, yaani wavu. Neno hili tayari lina uhai mwingine: watangazaji wa kandanda hutwambia kila Jumamosi kwamba mpira umetinga kimiani. Mwanafunzi aliyezoea kuusikia wavu ukitikisika hatapata taabu kuelewa kimia cha fuwele kinachotikiswa na wimbi.

Taabu inayobaki ni muda. Katika maabara kishindo hudumu kwa sehemu ndogo mno, aghalabu chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, kisha sampuli huvunjikavunjika. Mwaka 1970 Quintin Johnson na wenzake walichapisha mchepuko wa kwanza uliopigwa kishindo kikiwa bado kinapita, kwa kutumia mmweko mmoja wa eksirei. Ilikuwa hatua ya kishujaa. Lakini mmweko mmoja hutoa picha moja.

Sinkrotroni ndiyo iliyobadilisha hali. Hii ni pete kubwa ambamo elektroni huzungushwa kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, na kila zinapopindishwa na sumaku hutoa eksirei kali mno. Ile iliyoko Argonne karibu na Chicago ina mzingo wa mita 1,104. Ile ya Grenoble nchini Ufaransa ina mita 844. Elektroni hizo hazimiminiki kama maji ya mto. Huenda kwa mafungu, na kwa hiyo eksirei nayo hutoka kwa mapigo ambayo nitayaita mipwito. Huko Argonne, Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kiliendesha kituo kilichojengwa mahususi kwa kazi ya vishindo, chenye bunduki za kurusha bamba kwa kasi ya kilomita kwa sekunde. Katika mpangilio wa pete uliotumiwa huko, mpwito mmoja ulidumu takriban sehemu 100 za trilioni za sekunde, na uliofuata ulikuja baada ya nanosekunde 153. Msomaji na akokotoe. Wimbi lendalo kilomita 5 kwa sekunde husafiri nusu tu ya sehemu ya elfu ya milimita mpwito mmoja unapopita, kwa hiyo picha haiwezi kufifia kwa mwendo. Hadi mpwito wa pili, wimbi limesogea takriban robo tatu ya milimita. Basi katika sampuli moja nyembamba mtafiti hupata kimia kabla ya kishindo, kimia ndani ya kishindo, na kimia shinikizo linapoachia.

Matokeo yake yamewafedhehesha wengi waliokuwa wakisoma masalio. Chukulia kwatzi, madini ya mchanga mweupe tunayoyakanyaga kila siku. Kwa miongo mingi vipande vya kwatzi vilivyopigwa kishindo viliokotwa na kuchunguzwa baadaye, vikaonekana kama kioo kisicho na mpangilio, na mijadala ikawa mirefu kuhusu kilichotokea ndani ya lile pigo. Mwaka 2018 Sally June Tracy, Stefan Turneaure na Thomas Duffy walichapisha uchunguzi wa kioo cha silika huko Argonne, wakaona kwamba shinikizo likipita takriban mara 335,000 la hewa, kioo hicho kisicho na mpangilio huzaa fuwele mle mle ndani ya kishindo. Mwaka 2020 wakaonyesha kwamba kwatzi hufuata njia nyingine: hugeuka kuwa mpangilio wenye kasoro nyingi ambao si ule uliotarajiwa na vitabu, wala si kioo, kioo huja baadaye, shinikizo linapoondoka. Aliyeokota masalio aliona kisa baada ya kisa na akadhani ndicho kisa chenyewe.

Na jiwe la Mbale? Mwaka 2017 Jinping Hu na Thomas Sharp wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walichapisha uchunguzi wao wa mishipa ya jiwe hilo kwa darubini za elektroni. Vipande vya olivini ndani ya mishipa vilikuwa vimegeuka kuwa mkusanyiko wa fuwele ndogo sana za olivini, na katikati yake mlikuwa na chembechembe chache za wadsleiti na ringwuditi. Madini haya mawili ni olivini iliyopangwa upya kwa shinikizo kubwa. Makazi yake ya asili duniani ni kati ya kilomita 410 na 660 chini ya miguu yetu. Usambaaji wa chuma ndani ya vipande hivyo uliwaonyesha kwamba olivini iligeuka wadsleiti katika kishindo, kisha, shinikizo lilipoachia kabla mshipa haujapoa, ikarejea kuwa olivini. Wadsleiti ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 930 hivi hurejea kwa muda wa sekunde tu. Kwa hesabu hiyo walihitimisha kwamba kishindo chenyewe hakikudumu hata sekunde moja. Jambo la kushangaza ni kwamba vimondo vilivyopigwa kwa nguvu zaidi ndivyo vinavyoweza kukosa ushahidi wa pigo, maana joto hufuta lililoandikwa na shinikizo.

Nakiri kwamba kuna pengo kati ya mambo haya mawili, na si vyema kulificha. Kishindo cha mgongano wa angani kinaweza kudumu muda mrefu kuliko kile cha maabara kwa mamilioni ya mara, kwa hiyo kuona kitu Argonne si sawa na kukiona katika jiwe la Mbale. Lakini ni pengo lile lile linalozifanya kazi hizi mbili zihitajiane. Mmoja huona tendo bila historia. Mwingine hushika historia iliyofutika nusu.

Kuna kisa kingine ambacho wanafunzi wa lugha wangekifurahia. Madini yaliyo mengi kuliko yote duniani, yaliyojaa katika tabaka za chini ya kilomita 660, yalikaa miaka mingi bila jina rasmi. Kanuni za wanamadini haziruhusu kutoa jina kabla kielelezo cha asili hakijapatikana na kuchunguzwa. Mwaka 2014 Oliver Tschauner na wenzake waliyapata ndani ya mshipa wa kishindo wa kimondo cha Tenham kilichoanguka Australia mwaka 1879, wakayathibitisha kwa mchepuko wa eksirei ya sinkrotroni, na ndipo yakaitwa bridgmaniti. Wanafizikia hawa hawakutoa jina kwanza na kutafuta kitu baadaye. Sisi katika vyama vya Kiswahili mara nyingi tumefanya kinyume. TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kazi ya kuheshimiwa sana. Tatizo ni kwamba baada ya kamusi hakukuja maandishi ya kutosha ya kuyatumia maneno hayo, na neno lisilotumiwa hukauka ndani ya kitabu kama mbegu iliyosahauliwa ghalani.

Watakuwapo wa kuniuliza: je, mtoto wa Kiminini atafaidika nini na sinkrotroni, ilhali Afrika ndilo bara pekee lenye wakazi wa kudumu ambalo hadi leo halina hata moja? Swali ni la haki. Nitajibu kwamba mpango wa kuijenga umekuwa ukijadiliwa waziwazi tangu mkutano wa Grenoble wa Novemba 2015, na kwamba Jordan, nchi isiyo na mafuta ya kutajwa, ilizindua yake mwaka 2017 kwa kushirikiana na majirani ambao baadhi yao hawasalimiani. Kodi itakayoijenga ya Afrika, ikijengwa, itatoka pia kwa muuza mahindi wa Kiminini. Yeye ana haki ya kuelezwa inachofanya katika lugha anayouzia mahindi.

Wengine watasema kwamba Kiswahili si lugha ya mama ya Masaba. Kweli. Mbukusu na Mgisu wa Mbale huelewana bila msaada wa Kiswahili, na mtu angeweza kulieleza jiwe hili kwa Lubukusu likapendeza zaidi. Naomba afanye hivyo. Lakini katika soko la Kitale hukutana Mbukusu, Msabaoti, Mteso, Mturkana na Mkikuyu, na wanapopatana bei hutumia lugha moja. Katiba ya mwaka 2010 iliifanya lugha hiyo kuwa ya taifa na tena rasmi. Bado masomo ya fizikia katika shule za upili hufundishwa kwa Kiingereza peke yake.

Kwa hivyo nina pendekezo moja kwa chama chetu. Badala ya kongamano jingine la istilahi, wanafunzi watatu au wanne wa Kiswahili na idadi kama hiyo ya wanafunzi wa fizikia waketi muhula mmoja na waandike kijitabu cha kurasa arobaini kuhusu jiwe la Mbale: lilivyoanguka, kilichomo ndani yake, kishindo kilivyolipiga, na jinsi eksirei inavyokisoma kimia. Waeleze pia la kufanya jiwe kama hilo likianguka tena: kuandika saa na mahali, kutoliosha wala kulisaga, na kulifikisha mapema kwa wataalamu, kwani kuna mionzi ndani ya kimondo ambayo hufifia kwa siku chache, kipande kimoja cha Mbale kilipimwa siku 12 tu baada ya kuanguka. Wakiona kishindo halifai, walikatae na waweke neno lao. Na nakala za kwanza zipelekwe Kiminini, Sikhendu, Kimilili na Chwele, na nyingine zivushwe mpaka hadi Mbale kwenyewe, kabla ya yeyote kati yetu kuzisomea makala katika ukumbi wa chuo.